Namna ya kutunga kichekesho kisicho na maneno, kwa kumsoma Mr. Bean

Kabla hujashika simu kurekodi, na kabla hujaita mtu wa kuigiza naye, tafuta kipande kimoja cha Mr. Bean ukitazame mara mbili. Mara ya kwanza cheka ushibe. Mara ya pili zima sauti, na usimtazame Bean mwenyewe. Mkazie macho mtu aliyekaa pembeni yake. Ukiweza kueleza yule wa pembeni alikuwa anawaza nini tangu mwanzo hadi mwisho, umeshapata nusu ya kazi ninayotaka kukufundisha.

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na jioni nasimamia vijana wa maigizo Igogo. Zamani mimi na kaka yangu tulikuwa na banda la video Igombe, la mabenchi ya mbao na turubai, na kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni kukusanya kiingilio. Ukikaa mlangoni huoni skrini vizuri, unaona nyuso. Filamu za mapigano zilizotafsiriwa na ma-DJ zilijaza banda, lakini nusu ya watu walikuwa wanamsikiliza mtafsiri na nusu nyingine wanabishana naye. Tukiweka Bean, hakuna aliyeuliza "kasemaje?" Mvuvi wa Kikara, mama wa Kijita aliyeleta mzigo wake, mnunuzi kutoka Kongo ambaye Kiswahili chake na changu vinapishana, mtoto aliyejipenyeza chini ya turubai bila kulipa, wote walicheka kwa pamoja, pale pale, kwa jambo lile lile. Sijaona kitu kingine kinachowaunganisha watu wa mwaloni namna hiyo. Ndiyo maana nasema kijana anayetaka kuchekesha, aanze hapa.

Vipande vya kuanzia

Vijana wengi wa sasa wamemjua Bean kwa katuni iliyoanza mwaka 2002, au kwa filamu mbili za sinema, ya 1997 na ya 2007. Ziweke kando kwanza. Anza na ule mfululizo wa zamani wa televisheni. Kipindi cha kwanza kilirushwa na ITV ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na hadi kazi inakamilika mwaka 1995 vilikuwa vimetengenezwa vipindi 15 tu, kila kimoja hakifiki nusu saa. Nataka uishike namba hiyo. Zote kwa pamoja ni saa zisizofika nane, zimepita zaidi ya miaka 30, na bado basi likitoka Nyegezi kwenda Dar es Salaam, abiria wakianza kulalamikia joto, Bean akiwekwa kwenye skrini kelele zinaisha.

Anayemwigiza ni Rowan Atkinson, aliyezaliwa mwaka 1955 katika mji wa Consett, kaskazini mwa Uingereza. Alisomea uhandisi wa umeme Newcastle, akaendelea na masomo Oxford, na huko Oxford ndiko alikoanza kumjenga mhusika huyu. Huko huko alikutana na Richard Curtis, ambaye baadaye aliandika naye vipindi pamoja na Robin Driscoll. Huwa nasisitiza hilo la uhandisi kwa vijana wangu. Mtazame Bean mikononi: hakuna kitu kinachotokea bila sababu. Kikombe kikianguka, ulishaona nani alikisogeza ukingoni. Naye hakuanzia hewani, kwani mwenyewe amemtaja mchekeshaji wa filamu wa Kifaransa, Jacques Tati, na mhusika wake Monsieur Hulot kuwa miongoni mwa waliomfungulia njia. Ila ukimweka Hulot na Bean pamoja, huwezi kuwachanganya. Ndivyo ninavyotaka ujifunze: chukua namna ya kufikiri, mwenye nguo zake umwachie nguo zake.

Katika kipindi cha kwanza kuna vipande vitatu vya kusoma: chumba cha mtihani, ufukweni na kanisani. Cha pili kina mgahawa. Cha tatu kina benchi la bustani na sandwichi. Hivyo vitano vinatosha kwa mwezi mzima wa mazoezi, usikimbilie vingine.

Hachekeshi, anahangaika

Kila kijana anayekuja kikundini siku ya kwanza ananionyesha uso. Anatoa macho, anapinda mdomo, anatembea magoti yakiwa yamegusana, kisha ananitazama kuona kama nimecheka. Nawaambia wote: uso wa Bean ni wa Atkinson, huwezi kuupata, na hata ungeupata usingekusaidia. Bean hatafuti kicheko. Katika kile kipande cha kanisani anatafuta peremende. Iko mfukoni, mahubiri ni marefu, usingizi unamjia, na karatasi ya peremende ina kelele. Basi. Kwake hilo ni jambo zito kuliko mahubiri, na analifanya kwa umakini wote wa mtu anayetegua mtego. Anapiga chafya, hana leso, anaishia kutumia kitambaa cha ndani ya mfuko wake. Wimbo ukianza, mashairi hayajui; anamumunya, anapotea, lakini ikifika "Aleluya" anafumuka kwa sauti kubwa kuliko wote. Nani aliyekaa kanisani Mwanza hajawahi kumsikia mtu wa namna hiyo nyuma yake?

Hata muziki unaofungua kipindi hauchekeshi. Ni kwaya, imetungwa na Howard Goodall, inaimba Kilatini taratibu kwa heshima zote wakati mtu anadondoka barabarani katikati ya mwanga kutoka juu. Kila kinachomzunguka Bean kiko katika hali ya kawaida na ya heshima: kanisa ni kanisa, mtihani ni mtihani, mgahawa una vitambaa vyeupe mezani. Kwa hiyo usiweke mlio wa katuni kila mtu anapojikwaa, wala usiweke vicheko vya kubandika. Mahali pakiwa na heshima yake kamili, aibu inapata pa kuangukia.

Atkinson amemweleza Bean kuwa ni mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima. Ukiigiza, lifanyie kazi neno hilo kwa vitendo. Mtoto anataka kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mtoto anajua anaweza kukamatwa, kwa hiyo anachungulia kushoto na kulia. Na mtoto akifanikiwa, hawezi kuuficha ushindi wake. Hivyo vitu vitatu, kutaka, kuchungulia na kujivuna, ndivyo mwili wako uvionyeshe. Mikunjo mingine yote ya uso itupe.

Chagua tatizo dogo

Tatizo likiwa kubwa, watazamaji wanaanza kukuonea huruma au kuogopa. Nyumba ikiungua si kichekesho. Peremende ni kichekesho.

Ninacho kipimo kimoja, nimekipata kwa kutazama kile kipande cha mgahawani. Bean yuko peke yake, ni sikukuu yake ya kuzaliwa, ameagiza chakula asichokijua. Inakuja nyama mbichi ya kusagwa. Hawezi kuila, na wahudumu wanapita kumuuliza chakula kikoje. Anaanza kuificha: kwenye chombo cha maua, ndani ya mkate, kwenye bakuli la sukari, kwenye pochi ya mwanamke wa meza ya jirani, mpaka ndani ya suruali ya mpiga fidla. Sasa jiulize: angeweza kulimalizaje jambo hili? Kwa kusema, "Samahani, sikujua." Neno moja. Na hilo moja ndilo asiloweza kulisema mbele ya watu.

Kwa hiyo ukipata wazo, lipime hivi: je, mhusika angeweza kutoka kwenye shida yake kwa kuomba radhi tu? Kama angeweza, na hafanyi hivyo kwa sababu ya aibu, hapo una kichekesho mkononi. Kama shida ni kwamba amevunjika mguu, tafuta wazo jingine.

Na sisi watu wa kanda hii aibu tunayo ya kutosha, hatuhitaji kuazima ya mgahawa wa London. Kuna foleni ya kivuko cha Kamanga ukiwa na haja ndogo. Kuna msiba, simu yako ikaita muziki wa harusi. Kuna ofisi ya serikali ya mtaa, umesubiri asubuhi nzima, unafika mezani unakuta fomu uliyoshika ni ya mtu mwingine. Kuna daladala ya Igombe umekaa na furushi la dagaa, na aliye pembeni amevaa shuti jeupe. Juu ya zote kuna ukweni. Hakuna jukwaa la kichekesho linaloshinda sebule ya ukweni, na mfano nitakaoujenga hapa chini ni wa huko.

Mpe shahidi

Hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine pote, kwa kuwa watu wengi wanaoiga Bean wanamwacha huyu mtu nje.

Rudi kanisani. Pembeni ya Bean amekaa bwana mmoja mstaarabu, anaigizwa na Richard Briers, mwigizaji mkubwa aliyeweza kufanya mambo mengi, na humu anafanya machache sana. Anatazama. Anageuza kichwa kidogo. Anajitahidi kuendelea kusali. Peremende ya Bean inachekesha kwa sababu bwana yule anaiona. Ukimwondoa, unabaki na mtu anayefungua peremende.

Nenda bustanini. Bean anatengeneza sandwichi kwenye benchi. Mkate anaukata kwa mkasi, siagi anaipaka kwa kadi ya benki, majani anayaosha kwenye bomba la watu wote halafu anayakausha ndani ya soksi kwa kuizungusha hewani. Aliyekaa naye benchi ana sandwichi yake ya kawaida, ameishika mkononi, hali tena, anatazama. Kila Bean anapotoa kitu kingine kwenye koti, macho yetu yanakimbilia kwa yule mtu. Yeye ndiye sisi. Mwishoni Bean anapiga chafya, kazi yote inaharibika, na yule mtu anamkatia nusu ya chakula chake. Kule Igombe, sehemu hiyo ilikuwa inaleta sauti tofauti na kicheko, watu walikuwa wanapumua kwa pamoja. Upole kidogo mwishoni unamfanya mtu akukumbuke wiki nzima.

Halafu ufukweni. Bean anataka kuvaa bukta ya kuogelea, lakini karibu yake amekaa mwanaume mwenye miwani myeusi. Kwa kumwonea aibu, anahangaika kuivaa bukta kisha kuivua suruali aliyoitangulia kuivaa, bila kujionyesha, na anafanikiwa kwa taabu kubwa. Ndipo yule mwanaume anasimama na fimbo yake nyeupe, kumbe haoni. Angalia kwa makini kicheko kinamwangukia nani. Hakimwangukii kipofu, yeye alikuja kupunga upepo, ameondoka zake na heshima yake. Kinamwangukia Bean na aibu yake isiyokuwa na shahidi. Nalisema hili kwa sababu naona klipu nyingi za vijana wetu ambamo mtu mwenye ulemavu ndiye anayechekwa. Huo si ufundi, na mimi siuruhusu kikundini.

Kwa hiyo kila igizo letu lina watu wasiopungua wawili, mwenye shida na shahidi. Mwenye kipaji kikubwa zaidi mimi humpa nafasi ya shahidi. Vijana hawapendi mwanzoni. Wakishaona watu wanamtazama nani, wanagombania.

Panda ngazi: igizo la soksi

Sasa tujenge. Mkwe mtarajiwa anafika nyumbani kwa wazee wa binti, tuseme Kisesa. Amevaa suti, viatu vinang'aa. Mlangoni anaona viatu vya wenyeji vimepangwa nje: lazima avue. Anavua cha kushoto, salama. Anavua cha kulia, soksi nyeusi imetoboka, kidole gumba kiko nje. Tatizo ni hilo, limetoshea kwenye kidole kimoja. Shahidi ni mdogo wa binti, mtoto wa miaka sita au saba, amekaa kwenye mkeka anakula mhogo. Ameona.

Kanuni ya ngazi ni kwamba kila suluhisho lifanye kazi, kisha lizae shida iliyo kubwa kidogo kuliko ya kwanza. Likishindwa pale pale, umekwama. Likifaulu kabisa, umemaliza.

Anaanza kwa kukanyaga kidole kwa mguu mwingine. Kinafichika. Lakini sasa baba mkwe anaingia, lazima asimame aamkie, na mtu hawezi kusimama wima akiwa amejikanyaga. Anayumba, anamshika baba mkwe bega. Baba anadhani ni unyenyekevu, anafurahi.

Anakaa. Anavuta soksi kwa mbele na kuukunja ule upande wenye tundu chini ya unyayo. Kidole kimefichika, ameshinda, anakunja nne. Kumbe kisigino chote kimebaki wazi, na kimemwelekea mama mkwe. Mtoto ameacha kutafuna.

Anavuta kitambaa cha kochi taratibu, kile cha kufuma, anakidondosha juu ya miguu yake kana kwamba kimeanguka chenyewe. Mama mkwe, mtu nadhifu, anainuka, anakiokota, anakirudisha mahali pake na kukinyoosha. Mkwe anakivuta tena. Mama anakirudisha tena. Msifanye mara ya nne. Mara ya tatu mama anakibana kwa pini.

Mkwe anaomba kwenda kunawa nje. Pale mlangoni anakiona kikopo cha dawa ya viatu, nyeusi. Hapa mwigizaji asimame kabisa. Asitabasamu. Watazamaji waone wazo linamjia, walitangulie kidogo, waanze kucheka kabla hajainama. Anapaka kidole gumba chote dawa ya viatu mpaka kifanane na soksi. Anarudi anatembea kifua mbele, anakaa, ananyoosha mguu katikati ya sebule. Huu ndio ushindi wake, mpe muda wa kuufaidi.

Chakula kinaletwa, mkeka mpya mweupe unatandikwa, anakaribishwa ashuke chini. Anapotambaa kuchukua nafasi yake, kidole kinachora mstari mweusi kutoka kochi mpaka kwenye sahani ya sato. Yeye hajauona. Sisi tumeuona. Mtoto ameuona. Baba mkwe anaufuata mstari kwa macho, kutoka mwisho kwenda mwanzo, polepole, mpaka kwenye kidole.

Kimya. Mtoto anatoka nje mbio. Anarudi, vidole vyote kumi vya miguu amevipaka dawa ya viatu, anakaa pembeni ya shemeji yake na kunyoosha miguu, anajivuna kama yeye. Isha hapo.

Ukilitazama igizo hili utaona mifupa yake ni ile ile ya mgahawani na kanisani, lakini hakuna mahali tulipomwiga Bean. Hakuna koti la kahawia, hakuna mwanasesere Teddy, hakuna gari dogo aina ya Mini la kijani lenye kufuli mlangoni. Ni ya kwake hayo. Kitu kimoja ninachokuruhusu kujifunza kwenye magari yake ni yule adui asiye na sababu: kile kigari cha bluu cha magurudumu matatu, Reliant, ambacho Bean anakipindua au kukisukuma kando kipindi baada ya kipindi, na dereva wake haonyeshwi uso. Ukitunga maigizo kadhaa ya mhusika mmoja, mpe kitu kama hicho kinachojirudia. Sisi tunayo bajaji moja ambayo kila mara inaondoka kabla mkwe hajafika kituoni.

Mazoezi

Kitu chochote kinachoshikwa kwenye igizo kiwe cha kweli wakati wa mazoezi. Soksi ya kweli, dawa ya viatu ya kweli, mkeka wa kweli. Mikono haiwezi kubuni uzito. Kijana akifanya mazoezi ya kuvua soksi ya hewani, siku ya kurekodi soksi itagoma, na hapo utaona anacheka mwenyewe na kila kitu kimekwisha.

Fanya kwanza taratibu kupita kiasi, igizo la dakika tatu lichukue dakika kumi, kila mmoja akisema kwa sauti anachowaza: "Ameona. Hajaona. Ameona tena." Kisha mzirudishe fikra hizo moyoni na mwendo uwe wa kawaida. Mawazo yale yatabaki usoni bila kusemwa. Hili zoezi ndilo limewasaidia vijana wangu kuliko lolote.

Nina jambo moja pembeni. Atkinson ana kigugumizi, na amelieleza wazi, kwamba akiwa ndani ya mhusika mara nyingi hakimsumbui. Kikundini kwetu yupo kijana mwenye kigugumizi ambaye kwenye maigizo ya maneno alikuwa anapewa kazi ya kupanga viti. Katika maigizo haya yeye ndiye baba mkwe, na lile jicho lake linavyoufuata mstari mweusi mkekani, sijapata mwingine wa kulifanya. Kama una kikundi, tazama nani anakaa kimya nyuma. Mwite.

Kuhusu simu sina mengi. Isimamishe mahali pamoja, usiitembeze. Picha iingize mwili mzima wa mwenye shida, kitu anachohangaika nacho, na shahidi, vyote kwa pamoja. Ukikata kwenda usoni kila mara, unamnyima mtazamaji nafasi ya kuchagua pa kutazama. Piga asubuhi au alasiri karibu na mlango au dirisha. Upepo wa ziwa wa mchana hautakusumbua sana kwa kuwa hakuna maneno ya kuharibika.

Lipime kwa wasiokujua

Mwaka 1987 Atkinson alikwenda kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada. Alikuwa Mwingereza mwenye jina, angeweza kupanda jukwaa la wanaoongea Kiingereza. Aliomba awekwe kwenye jukwaa la Kifaransa. Alitaka kuona kama mhusika wake asiyesema atasimama mbele ya watu ambao lugha yake haiwafikii. Miaka mitatu baadaye Bean alikuwa kwenye televisheni, na mwaka 2012, kwenye ufunguzi wa Olimpiki mjini London, Atkinson alikaa katikati ya okestra ya London Symphony chini ya Simon Rattle, kazi yake kubonyeza noti moja tu kwa kidole kimoja, amechoka nayo, na uwanja wote pamoja na dunia iliyokuwa inatazama ikamwelewa.

Kwa hiyo usilipime igizo lako kwa rafiki zako, hao watacheka kwa sababu wanakupenda. Mimi nawapeleka vijana Mwaloni, wanunuzi wa Kongo na Burundi wanaposubiri mizigo ifungwe. Wasipocheka hao, tunarudi Igogo tukatengeneze upya.

Kipimo kingine nimekichukua kwa Wasukuma. Kisesa, pale Bujora, kwenye sherehe za Bulabo mwezi Juni, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na vituko vyake, na aliyeshinda ni yule aliyewavuta watu wengi upande wake. Hakuna jaji anayeweza kumbishia mshindi. Miguu ya watu imeshaamua. Fanya hivyo. Gawa kikundi mara mbili, kila upande na igizo lake, mcheze kwa pamoja kwenye uwanja mmoja. Usisikilize makofi. Tazama miguu ya watazamaji, na hasa tazama ni sekunde gani wanahama. Igizo letu la soksi lilikuwa linapoteza watu kwenye kitambaa cha kochi, kila mara pale pale, ndipo tukaongeza pini.

Kwa walio kando ya ziwa, usiku mzuri kuliko wote wa kuonyesha ni wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi wa dagaa hazivuti samaki, mitumbwi inabaki nchi kavu na mwalo mzima uko macho hauna kazi. Funga shuka jeupe kati ya nguzo mbili, watoto wakae mbele, wazee wapewe mabenchi. Usitangulie kueleza igizo linahusu nini. Anza na kipande kimoja cha Bean ili watu wapashe moto mbavu, kile cha sandwichi kinafaa, halafu weka la kwenu bila kusimama katikati kutangaza majina. Wewe mwenyewe usikae mbele. Kaa ubavuni mwa shuka, uwageukie watu, na uwe na daftari: pale wanapomtazama jirani yao wakicheka, weka alama ya vema; pale wanapotazama simu, andika ni kitendo kipi kilikuwa kinaendelea, kesho yake kikatwe.